Kanga Juu ya Boya

Jumatatu, 3 Februari

Maji yametoka, nikaingia shambani na wenzangu. Mwani mweupe tena. Ukiushika unakatikia mkononi. Maji ya kifundoni yana moto kama ya kumkanda mzazi.

Nilichovuna hakikujaza ungo. Zamani nilikuwa nabeba magunia. Kwa mwani nimemsomesha mwanangu Rehema, nimeezeka bati. Bati ni langu, si la mume. Nasema wazi na kila mtu anajua.

Nje ya mwamba maji bado yana ubaridi. Mwani ungekaa huko. Lakini huko mtu hasimami, ni kina.

Jumatano, 5 Februari

Mkutano wa kijiji. Afisa wa wilaya amekuja na ramani ya mpango mpya wa bahari. Hapa mazalia ya samaki, pamefungwa. Hapa boti za wageni wa hoteli. Kimebaki kipande kimoja nje ya mwamba, hakina mwenyewe. Hoteli inakitaka nacho.

Nikasimama nikakiombea kikundi chetu cha mwani. Mimi ndiye kiongozi wao. Afisa akatuita wahanga wa mabadiliko ya tabianchi, akatusifu. Sifa hizo tumeshazisikia. Semina tumekaa, juisi tumekunywa, fulana tumepewa, yangu nimefanya tambara la kudekia. Bahari imechemka na mimi sikuwasha moto. Sitaki kuitwa mhanga. Nataka maji ya kina.

Akasimama Bakari, mwenyekiti wa kijiji. Ni mkwe wangu, kamuoa Rehema. Hakunitazama, maana kwetu mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Alisema akiangalia karatasi zake. Kina hakiwezi kupewa watu wasiojua kuogelea. Wakizama nani atajibu? Wanaume wakacheka.

Hasira ikanipanda. Nikasema mkutano ujao nitaogelea mpaka lile boya jekundu la nje ya mwamba na kurudi, kijiji kizima kinitazame. Afisa akapenda. Nikiweza, wanakijiji wapige kura kipande kiwe chetu. Nikishindwa, kinakwenda hotelini. Wamekubaliana hivyo.

Sijui kuogelea.

Alhamisi, 6 Februari

Mdomo uliponza kichwa.

Nimezaliwa pwani na nimezeekea majini, lakini maji hayajanipita kifua. Watoto wa kiume waliachwa wakajitupa wakajua. Sisi tuliitwa nyumbani tukune nazi. Kikundi kizima, anayejua kuogelea ni mmoja tu. Raya. Bi mdogo.

Afadhali nizame.

Jumamosi, 8 Februari

Mume wetu alimtoa Raya Pemba, Rehema akiwa sekondari. Tangu siku hiyo mimi na yeye ni salamu, basi. Ua mmoja, milango miwili. Hata chumvi hatuazimani. Zamu yake ikifika nafunga dirisha langu la upande ule.

Leo nimebisha mlangoni kwake na machungwa ya Muheza kwenye kikapu. Aliyatazama machungwa, akanitazama mimi. Mkutanoni alikuwepo, hakuhitaji maelezo.

"Kesho alfajiri, bi mkubwa. Na uvae suruali."

Hakucheka. Angecheka ningerudi kwangu na machungwa yangu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemeza bahari. Pua inawaka, masikio yamejaa. Raya ananipitishia mkono chini ya mgongo ananiambia nilegeze shingo.

"Maji hayana inda wala chuki nawe, bi mkubwa."

Nikamjibu inda ninayoijua mie si ya maji. Akaondoa mkono. Nikazama kama jiwe la kusagia. Akanitoa. Nilistahili.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeelea!

Masikio ndani ya maji, macho juu. Nilidhani mkono wake bado upo. Nilipogeuka alikuwa mbali, amekaa juu ya jiwe anamenya chungwa. Umri huu, wajukuu ninao, nimeelea. Nilitaka kumpigia mtu simu nimwambie, nikakosa wa kumpigia, maana mtu wa kumwambia alikuwa pale pale. Nikamwambia. Akanipa kipande cha chungwa.

Jumatano, 19 Februari

Nafika nusu ya njia ya boya na kurudi. Mikono inauma mpaka kuchana nywele shida. Kila nikichoka nakumbuka kicheko cha mkutanoni, nguvu inarudi.

Jioni Rehema alikuja analia. Mama, acha, mume wangu anasema utaniaibisha. Nikamuuliza aibu iko wapi, kwenye kuogelea au kwenye kipande alichowaahidi watu wa hoteli? Akajifuta machozi. Mwanangu yuko katikati, namhurumia. Ila siachi.

Akanipa na habari nyingine. Bakari ndiye atakayesimama mbele, yeye kama mwenyekiti ashuhudie kama nimefika au sikufika. Nitasimamaje na suruali mbele ya mkwe wangu? Nimeamua, nitajifunga kanga juu yake.

Raya kasema kanga itakunywa maji initie chini. Nikasema bora hivyo kuliko kuvunja adabu. Tumegombana. Ugomvi wa kweli, sauti juu, majirani wakachungulia. Labda walifikiri tunagombea mume.

Jumapili, 23 Februari

Naandika na nywele bado mbichi.

Ufukwe ulijaa. Afisa kakaa kwenye kiti cha plastiki, Bakari kasimama mbele kabisa, mikono nyuma. Wenzangu wa mwani wamejipanga upande mmoja. Nilivaa suruali, shati refu, na kanga yangu ya bluu kiunoni. Raya alikuja, akaifungua, akaifunga upya yeye mwenyewe. Sikumuuliza kwa nini.

Nikaingia. Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilipokaribia nusu kanga ikalewa maji, ikaanza kunivuta miguu. Nikameza. Nikameza tena. Boya likapotea. Nikawaza wanavyotengeneza kicheko chao kule nchi kavu, na kipande chetu kinakwenda.

"Iachie!" Sauti ya Raya. "Iachie, bi mkubwa!"

Nikashika fundo. Lilikuwa fundo jepesi la kuvutwa. Alijua tangu asubuhi kuwa nitafika hapo. Nikavuta, kanga ikaenda zake.

Miguu ikawa huru. Nikageuza kichwa kuvuta pumzi, nikamwona Bakari. Amenipa mgongo! Mama mkwe kavua kanga, mkwe hatazami. Mwenyekiti mzima anakodolea minazi. Nilicheka mle majini, nikakohoa, nikaendelea kucheka.

Boya nilifika. Nililipiga kofi, likalia. Nikarudi nikielea kwa mgongo pale nilipochoka, kama nilivyofundishwa. Raya alinipokea kwenye maji ya magoti akanifunika kanga yake.

Afisa akamgeukia shahidi. Mwenyekiti, amefika? Bakari akafungua mdomo. Aseme hakufika? Hakuona. Aseme aliangalia? Amtazame nani tena usoni hapa kijijini? Kikundi changu kikajibu kwa niaba yake, na nyuma yao kijiji.

"Kafika!"

Mikono ikanyanyuka. Kipande ni chetu. Hata Bakari alinyanyua wake, uso bado kwenye minazi.

Najivunia. Wengine wataona majivuno, waone. Naandika tena: najivunia.

Jumatatu, 24 Februari

Siwezi kuinua bega. Raya kaniletea uji wa pilipili manga. Leo zamu ni yake, lakini alikaa kwangu mpaka magharibi. Mume wetu kajichemshia chai.

Alhamisi, 17 Aprili

Kibali kimetoka wilayani. Mvua ya usiku imepita, bahari shwari.

Wenzangu wameshajifunza, wengine kwa machozi. Raya amewafundisha wote, na mimi nimewafundisha kuelea, maana kuelea ndiko ninakokujua vizuri. Suruali sasa tunashona kwa fundi mmoja, kitambaa kimoja.

Kanga yangu iliokotwa kwenye mikoko, imechanika pembeni. Nilitaka kuitupa. Raya akaifua, na leo tulipotega kamba yetu ya kwanza nje ya mwamba ameifunga kwenye boya letu iwe alama. Kamba ni ya watu wawili. Nimeshika mwisho mmoja, yeye mwingine. Maji yalikuwa ya baridi mpaka nikasisimkwa.

Bakari akapita na boti, anapeleka wageni wa hoteli. Akaiona kanga inapepea juu ya boya, akageuza uso haraka.

"Shikamoo, mama," akaniamkia, anatazama upande wa Pemba.

"Marahaba, baba."

Tukaendelea kufunga mbegu za mwani kwenye kamba.