Sauti Niliyompa Mwanao

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Magoti yananisumbua, paa limezibwa, na paka uliyeniachia bado ananidharau.

Unakumbuka mwanao alivyokuja sebuleni kwangu na kinasa sauti, nikamsomea sentensi wiki nzima ili simu zizungumze Kiswahili fasaha? Aliniahidi, "Mjomba, sauti hii haitauzwa kamwe." Kampuni yake imekua, na sasa inanunuliwa na ile kampuni kubwa ambayo tayari inauza karibu simu zote tunazotumia.

Jumanne nilikwenda mbele ya tume inayosikiliza pingamizi, nimevaa koti nililovaa kwenye harusi yako. Nilieleza kwamba si haki kampuni moja kumiliki simu, maneno na sauti za watu wote. Nilipoketi, upande wa mwanao ulijibu kwa kompyuta. Maelezo yao ya kutetea ununuzi yalisomwa kwa sauti yangu, pamoja na kikohozi changu kabla ya sentensi ndefu.

"Mzee, mbona unajipinga mwenyewe?" mwenyekiti alinitania. Ukumbi mzima ulicheka. Mwanao naye alicheka.

Wakili ananishauri nimshtaki. Najua utalia. Nikishaamua, nitakuandikia kwa mkono wangu kama hivi. Ukipigiwa simu na sauti yangu ikakuambia kwamba nimemsamehe, usiiamini.

Ni mimi,
Kaka yako