Vidole Vilivyotakata

Marahaba, Somoe mjukuu wangu. Huku Newala tu wazima, na mama yako amepona mguu.

Unaniuliza biashara ya duka lako huko Dar itatulia lini. Sijui. Mimi nilikuwa nabangua korosho na kuwauzia abiria stendi, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Soko huria lilipoingia, malori ya wanunuzi yakaja kutaka korosho ghafi za kupeleka India. Nikawauzia zote. Vidole vikatakata kama vya mwali anayetoka unyagoni, babu yako akavisifu. Msimu uliofuata hawakuja. Nikabangua, nikarudi stendi. Abiria walikwishazoea karanga za wengine. Nikaapa sitarudia.

Juzi malori yamekuja tena, mjukuu wangu. Nimeuza zote. Barua hii nakuandikia kwa vidole safi.

Bibi yako