Kwa Mama, Aliyeapa Kutopanda Basi

Mama,

Kesho tunaondoa matanga yako, na mimi ndiye ninayetakiwa kusimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Mchungaji amenipa dakika kumi. Amenipa na maneno pia, kwenye karatasi, maana anaujua mdomo wangu. Nimeyasoma mara tatu, nimeyakunja, nikaona kabla sijaongea na watu niongee na wewe kwanza. Nakuandikia kwa Kiswahili cha Biblia yako, kile ulichonifundishia kusoma, siyo kile tulichokuwa tunagombania nacho jikoni. Usinicheke.

Chumba chetu cha Bellevue bado ninacho. Kitanda chako sijakigusa. Nimerudi saluni Yeoville, nasuka, na wateja wananipa pole halafu wanaanza kunihadithia habari zako kana kwamba mimi sikukujua. Umekuwa mtu mkubwa, Mama. Wamechapisha fulana nyeupe zenye picha yako, ile uliyopigwa siku ya ubatizo ukiwa umenuna, na chini yake wameandika: "Alitembea mpaka mwisho." Kina mama wote wa kundi la maombi watazivaa kesho. Yangu wameniletea kubwa, inanifika magotini.

Mabasi ya manispaa nayo bado yanapita na tangazo lile la wasioamini Mungu. Moja limemwagiwa rangi nyeusi ubavuni, jingine limevunjwa kioo. Asubuhi kwenye teksi, hizi daladala za huku, watu hawana habari nyingine. Mmoja anasema waliolilipia wachapwe, mwingine anasema nchi hii kila mtu na kichwa chake, bibi mmoja Mzulu anasema Mungu hana haja ya kutetewa na watu wa kwenye teksi. Mimi natazama dirishani. Nikifungua mdomo watanishusha.

Sasa nikiri, maana hakuna mtu mwingine anayelijua hili. Wiki nzima ulilipanda basi lile ukienda kupiga deki maghorofa ya Doornfontein, wala hukuwa na habari. Kiingereza ulikisikia kidogo, kukisoma hapana. Hata ulilipenda, kwa sababu ya picha ya mawingu. Jumatatu ile tuliposimama kituoni pamoja ndipo ukaniuliza, "Banaandika nini pale, Furaha?" Ningesema ni sabuni ya unga. Ningesema ni benki. Ungeitikia tu na kupanda, na leo ungekuwa hapa unalalamikia chumvi niliyotia kwenye sombe, kisamvu chetu cha nyumbani.

Nikakutafsiria. Neno kwa neno: "Hakuna anayesikiliza huko juu. Tusikilizane sisi." Na sikutafsiri kama mtu anayesoma tangazo, Mama, ulisikia sauti yangu. Maneno yale nilikuwa nayo tumboni tangu walipomuua Baba kule Uvira, na wewe ukapiga magoti siku ile ile ukashukuru kwamba sisi wawili tumepona. Miaka yote nikaenda kanisani na wewe, naimba, napiga makofi, sisemi. Basi lile lilinisemea. Uliniangalia usoni, ukasema, "Mungu iko," polepole, kama unanibembeleza. Halafu ukageuka, ukaanza kutembea na mfuko wako wa kazi.

Hukunigombeza. Ungenigombeza, ningelala vizuri zaidi.

Jumapili ukamweleza Mchungaji, kanisa zima likasikia, na kina mama wakainua mikono kuweka nadhiri: hakuna kupanda basi la manispaa mpaka maneno yale yaondolewe. Wengi walihamia kwenye teksi, nadhiri haikuwakataza. Wewe ukasema teksi ni ujanja. Ukatembea, ukafunga juu yake, na kwa kuwa vidonge vya presha vinataka chakula, ukaviacha dirishani. Nilijua. Niliviona kila asubuhi, havipungui. Niliogopa kukuambia umeze, kwa sababu nilijua unatembea kwa ajili yangu. Wenzako walikuwa wanalitetea jina la Mungu. Wewe ulikuwa unamwombea mtoto wako arudi. Ningekuzuia kwa uso gani?

Ulianguka wiki ya tatu, asubuhi, pale kwenye roboti, zile taa za barabarani karibu na chuo, ikiwa nyekundu kwa magari. Hospitali waliniambia tu uliletwa na wasamaria ukiwa umeshakata roho. Kanisa likajaza yaliyobaki: ulianguka barabarani, ukafia barabarani, hukukanyaga basi. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi ya Mchungaji, na mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Wiki iliyopita akaja mtu saluni. Mzee mmoja wa Tanga anayeuza mikoba, amevaa kofia yake ya kufuma, akasimama mlangoni akiona haya kuingia kwenye wanawake. Alikuwa amenitafuta siku nyingi. "Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa na mama yako." Alikuwa ndani ya basi, Mama. Lile lenye tangazo. Dereva alikuona unaanguka akasimamisha, abiria wakashuka, wakakubeba, wakakulaza kwenye viti vya nyuma. Dereva akaacha njia yake akakimbilia hospitali, na njia nzima alikuwa anasali kwa sauti, kwa Kizulu. Mzee alikupakata kichwa. Anasema ulifungua macho ukauliza, "Ni basi?" Akakujibu, "La, mama, ni gari la hospitali. Tulia." Hakujua kwa nini unaliogopa basi, aliona tu kwamba unaliogopa. Ukafumba macho. Ukakata roho kabla hamjafika.

Mgeni asiyejua hata jina lako alikudanganya kwa huruma. Mimi niliyetoka tumboni mwako nilikuambia ukweli ili nikuumize. Nililia siku ile mpaka mwenye saluni akafunga mapema.

Ningeweza kunyamaza. Mzee hatasema, dereva hakujui. Ubaki vile wanavyokutaka. Lakini kuna Mama Riziki, mwenzako wa kundi la maombi, na miguu yake ile iliyovimba unaijua. Yeye alikuwa mtu wa teksi. Tangu tukuzike ameacha teksi, anatembea, anafunga. Jana nilimkuta amekaa kwenye ukuta wa nyumba ya watu, anahema, midomo imemkauka. Nikamwambia, panda teksi, mama, nakuomba. Akanijibu, "Mama yako alimaliza. Na mi nitamaliza." Wako sita sasa wanaofanya hivyo, na Mchungaji anawataja majina madhabahuni kila Jumapili.

Najua utakachosema. Utasema nakuaibisha mbele ya wenzako, kwamba kitu kimoja ulichokipata katika nchi hii ni heshima ya kanisani, na mimi nakuvua. Naogopa hilo kuliko ninavyomwogopa Mchungaji. Watasema pia nimelitumia kaburi lako kutangaza ukafiri wangu. Siwezi kuapa kwamba hakuna hata chembe. Bado siamini, Mama. Kutembea kwako hakukunirudisha. Ningependa kukuambia kitu kingine leo, lakini kukudanganya nimechelewa.

Kwa hiyo kesho sitaisoma ile karatasi. Nitasema nilivyokutafsiria pale kituoni, na sauti niliyotumia. Nitasema habari za vidonge. Nitasema ulibebwa, na ni akina nani waliokubeba. Kama Mungu yuko au hayuko sitagusa, hilo si la kusemea kwenye matanga yako. Mzee wa Tanga nimemwomba aje, amekubali, atakaa nyuma kabisa na kofia yake mkononi ingawa nimemwambia hakuna haja ya kuivua. Wakinitoa nje, nitatoka.

Pumzika sasa, Mama. Nakuahidi Mama Riziki hatafia njiani kwa ajili ya jina lako. Nitasema nikimwangalia yeye, si Mchungaji. Najua anavyokupenda, na najua hatanisalimia tena. Acha anichukie akiwa hai.

Mtoto wako,
Furaha