Mashine Ilimpa Mume Wangu Mbio Zangu

Shangazi Zeinabu, pokea salamu zangu na unisaidie, maana nimenyamaza mpaka sasa naogopa nitalipuka.

Mimi na mume wangu Murunga, fundi wa milango ya chuma hapa Soweto West, tulijiandikisha mbio za kilomita kumi mwezi uliopita, mimi kwa sababu nakimbia kila asubuhi na kikundi cha akina mama, yeye kwa sababu hakutaka niende peke yangu, na siku yenyewe tulivaa haraka haraka, nikamfungia namba kifuani kwa pini na yeye akanifungia, kumbe tumebadilishana, yangu iko kwake na yake iko kwangu, na ile chipu ya kuhesabu muda imebandikwa nyuma ya namba, lakini ungejuaje, namba hazina majina.

Nilimwacha hapo mwanzo tu. Nikamaliza, nikanywa maji, nikakaa kivulini mpaka wakaanza kukunja mahema ndipo akatokea ameshika kiuno, nikamshika mkono tukatafuta boda. Kabla hatujafika nyumbani simu zikalia, matokeo hayo: Murunga, chini ya saa moja, Nafuna, karibu saa mbili. Nikacheka, nikamwonyesha zile namba.

"Baba Annet, tulichanganya."

Yeye hakucheka. Aliangalia simu, akaangalia tena, akasema, "Mashine haidanganyi."

"Si ulinikuta nimekaa nakungoja?"

"Ulikatiza njia."

Shangazi, nilidhani ni mzaha, lakini Jumapili, kanisani kwetu, pale kituo cha Kawangware 46, mchungaji akasoma matokeo mbele ya watu, Murunga akasimama, watu wakapiga makofi, hata mimi nikapiga, na sasa amefanywa kapteni wa wanaume kwa mbio za makanisa, jioni anafundisha vijana kupumua, na mimi akina mama wananiuliza kama ni ukweli nilipitia vichochoroni.

Hayo ningevumilia, lakini kocha wetu Lenah anachagua timu ya wanawake ya kwenda kukimbia Kakamega, na muda wangu ungeandikwa kwa wanawake ningekuwa wa tisa, na ameniambia, "Nafuna, mbio zako nazijua, lakini kamati inaangalia matokeo, haiangalii macho yangu." Majina yanafungwa wiki ijayo. Nikirekebisha, mume wangu ataaibika kanisa zima. Nikinyamaza, nabaki nyumbani na jina la mwizi wa njia. Nifanyeje?

Nafuna, Soweto West

*

Nafuna (majina nimeyabadilisha, ingawa Soweto West mtajuana tu), pole sana mama. Sasa nisikilize.

Mashine kweli haidanganyi. Ilisema namba fulani imepita juu ya mkeka, ule unaosoma chipu, saa fulani, basi. Haina macho. Haijui kama namba hiyo imebebwa na wewe, na Murunga ama na mbuzi. Jina linatoka kwa vile mlivyojiandikisha. Kosa la kwanza mlilifanya wawili na pini zenu, na hutokea sana, hakuna aliyekufa. Kosa la pili ni la mume wako peke yake: aliletewa sifa mlangoni, akazipokea bila kuuliza ni za nani.

Na hiyo ya kukatiza njia imenichekesha. Ulikatiza, halafu ukachukua karibu saa mbili? Mkato gani huo! Achague moja. Tena fungueni ule ujumbe wa matokeo muangalie vizuri, kuna mkeka mwingine katikati ya njia. Kama namba zote mbili zilisomwa pale, hakuna aliyepitia vichochoroni.

Lakini na wewe nitakugombeza. Ulipiga makofi! Jasho lako linavaliwa na mtu mwingine mbele ya mchungaji, unalipigia makofi, kisha unashangaa kwamba limemkaa vizuri?

Sasa nikuambie kitu. Siku mbili baada ya barua yako nilipata nyingine, ya fundi mmoja wa milango. Anauliza ni chakula gani kinachompa mtu mbio kwa wiki tatu, kwa sababu kanisa linamtegemea na yeye akikimbia tu hadi Nyayo Highrise hapo jirani anaona nyota mchana. Amemalizia hivi: "Shangazi, hapa nitatokaje?" Sitasema ni nani. Nilimjibu kwa maneno mawili: muulize mkeo. Kama hajakuuliza, anakuzunguka tu akitafuta pa kuanzia. Mwanzishie.

Keti naye leo, mkiwa wawili, na usimcheke. Waandikieni waandaaji wa mbio. Wapeni namba zote mbili pamoja na picha mlizopigwa kwenye mstari wa kumaliza, ambapo sura inaonekana na namba inasomeka. Hawatahitaji shahidi mwingine, watabadilisha majina. Nakala mpe Lenah kabla orodha haijafungwa. Kanisani aende mwenyewe aseme tulichanganya namba. Watamcheka Jumapili moja, na hiyo inauma kidogo kuliko kuanguka mbele yao siku ya mbio.

Akikataa, tuma peke yako. Atanuna siku chache. Mwanamume aliyenuna bado anakula: pika, mpakulie, kisha uende mazoezi.