Saa ya Wapi?

Dada Rehema, mko salama huko Bukoba? Hapa Bwera mpakani mvua imenyesha, milima imejifunika shuka.

Leo programu yangu ya kupanga miadi ya daktari wa macho imeniaibisha. Daktari huja mara moja kwa mwezi. Mama Kavira, fundi cherehani kutoka Butembo aliyeacha kushona kwa sababu ya macho, alipangiwa saa sita, akafika saa saba, daktari akifunga begi arudi Kasese. Anakaa hapa hapa Bwera, lakini simu yake hukamata mtandao wa Kongo na kuonyesha saa ya kule, ambako wako nyuma yetu kwa saa moja.

"Huku ukitaja saa, kila mutu anauliza: saa ya wapi?" akaniambia taratibu. "Programu yako haikusema."

Kompyuta nilijifunza bila mwalimu, kumbe mwalimu alikuwa Bwera. Nikamsihi daktari, akafungua begi. Nami nikakaa kwenye benchi nikirekebisha: sasa kila ujumbe unasema "saa ya Uganda".

Mama Kavira akatoka na miwani, akanitazama kwa muda. "Kumbe uko na mvi, Edga."

Kesho anarudi kwenye cherehani. Nibusie watoto, na habari za mvi usimfikishie mama yetu.

Kaka yako,
Edga