Nyuzi za Daktari na Dekio Langu

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja,

Sisi wazima, isipokuwa magoti yangu. Shemeji yako kapaka rangi sebule, nusu ukuta, akachoka.

Kuna jambo nilikuficha. Maabara ninayofanyia usafi ilikuwa ifungwe Ijumaa. Daktari wetu hutengeneza nyuzi za madini ya titani, nyembamba kuliko utando wa buibui. Huzichoma kwenye tanuri, kisha ukizitia kwenye maji machafu juani, uchafu huisha. Lakini miezi miwili nyuzi zilikataa, zikatoka matone matone badala ya uzi, na wakubwa wakachoka kusubiri.

Jumatano nikiwa kwenye sala ikanijia: wiki niliyougua, nyuzi zilitoka safi. Nikipiga deki asubuhi, zamu niliyopewa miezi hii miwili, matone. Unyevu wa sakafu! Nilijua kibarua kitaota nyasi, ila nikajikaza kisabuni.

"Daktari, mkosaji ni mimi na dekio langu."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Alhamisi sikudeki. Nyuzi zikashuka nyeupe pe! Ijumaa, mbele ya wakubwa, Daktari akazitia kwenye maji aliyoyachafua kwa rangi ya buluu, akayaanika juani. Kufika saa sita, buluu yote imekwisha, unaona mpaka chini ya chupa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mdogo wangu, hata wakubwa wakaitikia amina.

Sasa kila asubuhi Daktari, na digrii zake zote, hubisha hodi stoo kwangu: "Mama, sakafu imekauka? Tuanze?"

Nami humjibu, "Anza, mwanangu."

Ni mimi dada yako, nisiyekusahau katika dua.