Nyumba Ina Mwenyewe

Mkiwa, Jumatano

Bado siamini. Nilikwenda kumlipa Bibi Mwajuma kodi ya nyumba aliyokubali kuniuzia, maana naishi humo kama mpangaji mpaka hati ihamishwe kwa jina langu. Nikamkuta na mfanyabiashara wa mjini, anampa bei mara mbili ya yangu.

"Kisheria bado ni yako, bibi," alimwambia.

Mke wangu tayari ameshapanda mboga pale uani.

Bibi akaninyooshea kidole. "Nyumba ina mwenyewe. Ndiye huyu."

Yule mtu alipoondoka nikamuuliza kwa nini amekataa, na paa la chumba anachoishi linavuja.

"Si nilishakuambia ndiyo?" akasema, akaendelea kupepeta mtama.

Ningekuwa mimi... sijui. Kweli sijui.